Majani Ndani ya Rejeta

Siku ya kwanza lilikuwa doa la ukubwa wa kifungo.
Nililiona nikienda kuwafungulia kondoo,
chini ya Peugeot, upande wa kushoto,
la kijani, tamu kunusa
kama dawa ya kikohozi ya mtoto.

Mzee Wilmar akasema, "Umande huo."
Umande, Baba, na Julai hii nyasi zimeganda nyeupe
hadi Tacuarembó?
"Basi linatoka jasho. Lina miaka arobaini na tatu."
Akajaza kibuyu chake cha mate:
majani machungu, maji moto, mrija wa chuma,
jina tu ndilo la kutemwa.
Akafyonza, akatazama kilima.

Nikatega kopo la rangi palepale.
Jioni vidole viwili, kesho yake vitatu.
Nikampelekea mezani, kando ya mkate.
Akalitazama kama mtu anayeonyeshwa picha
aliyopigwa bila kuambiwa.
"Nilishaliziba," akasema.
Lini?
"Mama yako akiwa hai."

Spana namba kumi, bisibisi pana.
Vibanio vya mipira vimeng'ang'ania kutu;
kimoja kilikubali maneno, kingine nikakikata.
Maji ya kijani nikayakinga kwa beseni
nikayafunika haraka,
kwani mbwa hupenda utamu ule, na utamu ule huua.
Kisha rejeta yenyewe, nzito kuliko nilivyodhani,
shaba ya zamani, mapezi yamelala
kwa mawe ya barabara.

Nilipoipindua, ikatema majani.
Konzi nzima, meusi, yamelainika.
Nikamgeukia.

"Ilivuja njiani," akasema, "usiku ule wa hospitali.
Fundi hapakuwa. Mate yalikuwepo.
Nikamimina ndani, majani yakalitafuta tundu yenyewe."
Akanyamaza.
"Tulifika."

Hakusema walifika saa ngapi.
Sikuuliza.
Miaka kumi na tisa tumepanda gari
lililokunywa kutoka kibuyu chetu.

Nikaiziba midomo, nikaizamisha
kwenye hori la kondoo, barafu nimeivunja kwa kisigino,
nikapiga pampu ya baiskeli, polepole.
Kimya.
Kimya.
Halafu kwenye mshono wa tangi la juu
kiputo, kiputo, kiputo,
kama mtoto anayejifunza kutamka *b*.
Tundu ambalo sindano ingeomba radhi kulipita.

Usipoziba ufa, wamesema, utajenga ukuta.
Hawakusema kwamba lehemu haishiki penye uchafu.
Saa nzima nilisugua, brashi ya waya, msasa, tone la asidi,
hadi shaba ikawa na rangi ya kiini cha yai
na vidole vyangu vikawa havina rangi.

Baba alishika taa.
Mwanga ulitetemeka ukutani, juu ya rejeta, juu ya mikono yangu,
na wote wawili tukajifanya ni upepo.
"Egemeza kiwiko hapa," nikamwambia, nikampa bega.
Mwanga ukatulia.
Lehemu ilikaa kaidi kwanza, duara kama shanga,
mara ikalegea, iking'aa, ikazama katika mshono
kama mgeni aliyetambua nyumba.

Tuliliwasha magharibi.
Mshale wa joto ulipanda hadi katikati, ukakaa.
Nikatandika gazeti chini, nikaenda kulala na nguo zangu.

Asubuhi gazeti kavu, hata kurasa za mpira.
Yale majani niliyaacha kwenye ndoo nikayakosa.
Yako dirishani kwake, juu, asipofika mbwa,
kwenye kisahani chenye ufa,
yanakauka.

Alitoka, akalipiga tairi teke dogo.
"Si nilikwambia? Umande."
Kisha, akiwa ameshanipa mgongo,
akauliza kama lehemu imebaki,
maana birika nalo
siku hizi linatoka umande.